Samaki Aliyesubiri Jumapili

Mama Falonne ana tabia moja inayonikera mpaka leo: ukimuuliza jambo anakujibu nusu, nusu nyingine anabaki nayo mwenyewe. Tumekaa nyumba moja hapa Bertrams, Johannesburg, miaka na miaka, chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta wa mbao, nikikohoa ananiambia pole, lakini mambo yake mengi nayajua kwa kuyavumbua tu. Jina lake Léocadie. Mimi ni Zubeda, mtu wa Tanga, nauza vitumbua na chai ya maziwa kona ya karibu na uwanja wa mpira. Mdomo wangu mrefu, najua, msiniambie.

Léocadie ametoka Kinkondja, huko Katanga ya Kongo, penye ziwa la mafunjo. Mama yake alikuwa akiingia majini mpaka kiunoni na wanawake wenziwe, wanazingira samaki kwa vikapu, na yeye alijifunza hivyo hivyo, kabla hajajua kusoma. Marehemu mumewe, André, ndiye aliyemleta Johannesburg. André alipofariki, binti yao Falonne alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo mama wa watu anasuka nywele saluni moja Hillbrow, Jumanne mpaka Jumamosi, vidole havipumziki. Jumapili kanisani. Jumatatu saluni imefungwa, na hiyo Jumatatu ndiyo siku yake.

Jumatatu huenda kuvua. Mwanamke mzima, na kofia yake ya sufu na ndoano zake ndani ya mkebe wa mafuta ya nywele, anapanda teksi kwenda bwawa lililoko upande wa Germiston. Chambo chake ni sima, anaisonga ngumu sana, anaikanda na unga wa kastadi mpaka inanukia kama keki. Mara moja nilimfuata, nikajuta kwa baridi. Wamejaa wazee wa Kikaburu pale, kila mmoja na kiti chake na fimbo za kuvulia tatu tatu. Nikamwona mmoja kanasa samaki mkubwa kama mtoto wa mwaka, akampiga picha, akambusu mdomoni, wallahi nimeona kwa macho yangu, kisha akamrudisha majini taratibu. Nikapiga kelele: "We mzee, una wazimu?" Léocadie akaniziba mdomo kwa mkono unaonuka kastadi.

"Mama Zubeda, nyamaza. Bale banacheza tu. Siye tunakula."

Samaki mwenyewe ni yule ambaye Makaburu wanamwita karp. Ana magamba mapana ya rangi ya shaba na mdomo wa kufyonza, na anakula chini kwenye tope. Mimi mtu wa pwani, nimekulia samaki wa bahari, changu na kolekole, samaki wa bwawa simheshimu hata kidogo, na nilimwambia hivyo. Hakubishana. Alicheka akaendelea kutazama uzi wake.

Sasa, mwaka jana Falonne akapata mchumba. Binti amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila anakujibu Kiingereza, na akikasirika anakujibu Kizulu. Anafanya kazi duka la dawa. Mchumba wenyewe Nassir, fundi wa simu, kijana mtaratibu, mtoto wa mwisho wa Bi Bushra, Mzanzibari anayeshona magauni kule Mayfair. Bi Bushra namjua siku nyingi, mimi ndiye niliyemwuzia vitumbua vya futari Ramadhani zote hizo. Kwa hiyo mshenga nikafanywa mimi. Nani mwingine?

Nikaenda Mayfair nimevaa vizuri, nimejifukiza udi. Bi Bushra alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka mkasi chini.

"Zubeda," akasema, "binti sina neno naye. Mkristo ni mtu wa kitabu, dini haikumkataza mwanangu. Lakini nyumba ile wanapika nguruwe. Nitakuja Jumapili ya wiki ijayo kwa heshima yako, nitakaa, nitazungumza, nitaondoka. Chakula chao sili."

"Bi Bushra, ukienda posa usile, si umekataa?"

"Sijakataa. Nimesema sili."

Haya, na mimi mshenga nipeleke salamu gani? Nikayageuza maneno kichwani njia nzima. Nilipofika nyumbani nikajaribu kuyapaka maneno asali, yakanishinda, nikayasema kama yalivyo. Falonne alikuwa amekaa kitandani anasikia. Akaongea Kiingereza chake cha mbio mbio, hakupandisha sauti, na nilichoshika ni hiki: kama yule mama hatakula kwa mama yangu, mimi siolewi kwake. Siendi kuishi kwa mtu anayemwona mama yangu mchafu. Akageukia ukutani. Nassir alipopiga simu jioni ile, hakupokea.

Léocadie hakulia. Alikaa anajifuta mikono kwenye khanga, mikono mikavu. Huyu mtoto ndiye pekee aliye naye duniani, na anampenda yule Nassir, hilo hata kipofu angeliona. Baadaye akaniuliza polepole:

"Ni kweli, Noeli tunapika nguruwe. Siwezi kusema uongo. Mama Zubeda, bale batu bako, samaki banakula?"

"Samaki tunakula sote."

"Kila samaki?"

"Kila samaki, mama Falonne, hata huyo wako wa tope, ingawa mimi nitamla kwa shingo upande. Nunua sufuria mpya na kisu kipya, mimi nitakuja na sahani zangu. Akijua haya yote, huenda moyo ukalainika."

Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa. Hapo ndipo alipobaki na ile nusu yake, na mimi, mjinga, nikadhani nimejibiwa.

Jumatatu alirudi mapema kuliko kawaida, amekumbatia taulo la saluni lililolowa, na taulo linatikisika. Samaki mzima! Karp anavumilia nje ya maji ukimfunika kitu kibichi, hilo sikulijua. Kamleta hai kwenye teksi kutoka Germiston, na dereva alimtaka ashuke, yeye akamwambia huyu ni mgeni wa harusi. Akaenda naye moja kwa moja bafuni.

Bafu la nyumba yetu ni moja, la zamani, la chuma, lina miguu kama ya simba. Wapangaji wote tunaogea humo. Akalijaza maji, akamtia samaki, akakaa ukingoni anamtazama anavyozunguka.

"Unamfuga?" nikamwuliza.

"Tope itoke ndani ya nyama. Akae maji safi mpaka Jumapili, hatanuka kitu."

Hilo ni kweli, nimekuja kulijua. Samaki wa tope ukimweka maji masafi siku kadhaa bila kumlisha, nyama inakuwa tamu, haina harufu. Kwa hiyo nikaliridhia. Lakini jamani, mimi nimeoga wiki nzima kwa ndoo, nimesimama pembeni, samaki ananitazama! Wapangaji wengine walinung'unika. Mmoja alisema atampiga nyundo. Léocadie alipita mlango kwa mlango akiomba radhi, na akina mama wa nyumba akawasuka bure, jioni baada ya kazi yake, mpaka macho yanamfumba.

Ingekuwa imeishia hapo, sawa. Lakini Jumatano maji yakakatika. Mnaojua Johannesburg ya siku hizi hamtashangaa: unafungua bomba, linakohoa hewa, basi. Mtaa mzima. Wakasema bomba kubwa limepasuka, wakasema tenki limekauka, kila mtu na lake. Lori la maji linakuja asubuhi na jioni pale kwenye robot, zile taa za barabarani, foleni imezunguka kona, kila nyumba inagombania ndoo.

Na samaki anataka maji masafi. Akikaa kwenye maji yale yale siku mbili anaanza kupanda juu, anafungua mdomo anatafuta pumzi. Alhamisi asubuhi nikamkuta Léocadie bafuni amepiga magoti, anachota maji juu na kuyamwaga tena kwa kikombe, ayatie hewa. Halafu akatoka na ndoo zake mbili kwenda kwenye lori. Akarudi, akamwaga. Akaenda tena. Mama huyu ana maumivu ya mgongo, nyinyi! Kusimama kutwa anasuka si mchezo. Watu kwenye foleni walijua ni maji ya samaki, wakamsema. Mwanamke mmoja akamwambia usoni kwamba watoto wa watu wanakosa maji ya kunywa na yeye anaogesha samaki. Akainamisha kichwa, akamwachia yule mwanamke ndoo moja, akarudi na moja.

Nikapandwa na hasira. Nikamfuata jikoni nimeshika kiuno.

"Mama Falonne, basi! Mwue leo, tumtie kwenye friji ya spaza, pale dukani mtaani, Jumapili tumpike. Tope limeshatoka. Unajiua kwa nini?"

"Lazima awe muzima Jumapili."

"Kwa nini?"

"Lazima tu."

"Lazima ya nini, mwanamke wewe?"

Akachukua ndoo zake. Nilitaka kumtikisa mabega. Ijumaa nikabeba ndoo naye, kwa hasira, natukana njia nzima, na Jumamosi tena. Falonne aliporudi kazini alituona, akachukua ndoo ya mama yake, akaenda. Usiku ule maji yakarudi, nikasikia bomba linapiga mluzi na Léocadie anasema "Aksanti, Bwana" upande wa pili wa ukuta.

Jumapili ikafika. Nassir alimleta mama yake mchana, kabla hata hatujawasha jiko, maana Bi Bushra ni mtu wa kufika kabla ya wakati ili amkute mtu alivyo. Buibui jeusi limepigwa pasi, na mkononi mkoba mkubwa. Alipoketi akatoa humo chupa yake ya chai na kikopo cha tende, akaviweka juu ya meza ya Léocadie. Sikujua niangalie wapi. Falonne aliviona. Akakaa kando ya mama yake, amenyooka kama mtu anayesubiri sindano. Nassir macho chini.

Tukazungumza. Hali ya hewa, maji yaliyokatika, bei ya vitambaa. Léocadie alikaribisha mara mbili, Bi Bushra akajibu mara mbili, "Ahsante, nimeridhika." Mazungumzo yakawa yanakwenda kama gari lisilo na mafuta. Mwisho Bi Bushra akauliza bafu liko wapi, atie udhu, adhuhuri imeingia. Léocadie akaruka.

"Mama, ngoja kidogo..."

Lakini Bi Bushra ameshainuka, na mimi ndiye niliyemwonyesha mlango. Wakati ule ule mlango wa mbele unagongwa, anaingia Pandu. Pandu ni kijana wa Pemba anayechomelea mageti nyuma ya nyumba yetu, mswalihina. Ana kisu kirefu mkononi kimefungwa kwa gazeti.

"Asalaam alaykum. Mama Falonne, nimekuja kama tulivyokubaliana. Kuku yuko wapi?"

"Kuku gani?" nikamwuliza.

"Si aliniambia nije Jumapili nimchinjie? Nimetia kisu makali."

Léocadie, uso umemwiva, akamwonyesha bafuni kwa kidole. Tukaenda wote, tukajazana mlangoni. Bi Bushra alikuwa amesimama mikono ya nguo imekunjwa mpaka kwenye viwiko, anatazama ndani ya bafu. Samaki anazunguka zake, maji masafi kama ya birika, shaba yake inang'aa. Juu ya vigae ukutani kulikuwa na mstari wa plasta ile ya vidonda, umebandikwa umenyooka, na chini yake ubao wa kukatia, mpya, una bei yake bado.

"Hii nini?" Bi Bushra akauliza, anauonyesha mstari.

Léocadie alijibu kwa sauti ndogo. "Ni upande yenu ya kuomba. Niliuliza kwa Pandu wiki hii. Nikaweka alama, ile saa ya kumuchinja asikosee."

"Kumchinja nani?"

"Samaki."

Pandu akashusha kisu. Mimi mwenzenu nikashikilia kizingiti. Ndipo nusu ile nyingine ikanifikia kwa mkupuo. Huko kwao ziwani Waislamu ni wa kuhesabu, hakuwahi kupika nao, na yote aliyoyajua ni kwamba sisi hatuli mnyama asiyechinjwa na Mwislamu, akiwa hai, ameelekezwa kibla. Akalichukua hivyo lilivyo, akamtia na samaki ndani yake. Hakuniuliza, kwa kuwa aliona haya kuonekana hajui.

"Dada yangu," Bi Bushra akasema, "samaki hachinjwi. Akitoka majini ameshakuwa halali. Hata angekufa Jumatatu, ningemla."

Léocadie akanitazama mimi. "Hata kama alikufa?"

"Hata kama," nikasema.

Akakaa ukingoni mwa bafu. Sijapata kumwona mtu anachoka hivyo kwa ghafla. Na mimi hapo uvumilivu ukanishinda, mshenga au si mshenga.

"Bi Bushra, unisamehe, nitasema! Unamwona huyu? Wiki hii hatukuwa na maji. Kabeba ndoo kutoka kwenye robot na mgongo mbovu, katukanwa na mtaa mzima, kasuka watu bure wasimwulie samaki wake, kisa wewe! Kisa upate chakula usichokitilia shaka! Na wewe umekuja na chai yako kwenye chupa!"

"Mama Zubeda," Léocadie akasema, "achana."

"Siachani!"

Bi Bushra alitazama ule mstari wa plasta, akatazama mikono ya Léocadie, vidole vimechubuka kwa vishikio vya ndoo. Akatia udhu pale pale kwenye sinki, akaenda kuswali chumbani kwangu, akachukua muda wake. Tulikaa sebuleni kama watu wa matanga. Falonne alishika mkono wa mama yake na hakuuachia, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujutia ulimi wangu.

Alipotoka alikuwa amevua buibui, yuko na dera lake la nyumbani.

"Zubeda," akasema, "nipe khanga nijifunge."

Khanga! Wenzangu wa pwani mnanielewa. Mgeni wa heshima hatii mguu jikoni kwa watu, anakaa akahudumiwa. Anayejifunga khanga kiunoni ni mtu wa nyumba. Nilikimbia kuileta mpaka nikajigonga kwenye kitanda.

Samaki akauawa na Léocadie mwenyewe, pigo moja la mpini wa kisu, taratibu, kama alivyofundishwa kwao. Pandu tukamwambia akae, asiende popote, atakula. Jikoni mama wawili wakasimama bega kwa bega. Léocadie akaparua magamba, kisha akamchanja ubavu kwa mistari ya karibu karibu, kwa kuwa karp ana miiba midogo midogo kama nywele ndani ya nyama, na ukiichanja hivyo ikaingia kwenye mafuta ya moto inakauka na kutafunika.

"Unachanja karibu mno, atavunjika," Bi Bushra akasema.

"Hapana, mama. Tazama tu."

Akatazama. Hakuvunjika. Bi Bushra akasema "Ehe!" akafungua kopo la tui nililomletea, akapondaponda thumu na pilipili, akauliza ndimu ziko wapi, akaifungua kabati mwenyewe. Léocadie alisonga sima. Walizozana juu ya chumvi. Nassir akawa anachungulia mlangoni, nikamfukuza.

Tukala chini, kwenye mkeka, sinia moja, wote. Samaki katikati, mzima, ametapakaa tui. Bi Bushra akasema bismillahi, akamega sima, akachovya, akala. Nilikuwa namtazama Falonne. Binti hakuwa amegusa kitu, mikono mapajani, bado anangoja, sijui anangoja nini tena.

Bi Bushra naye aliliona hilo. Akachagua minofu ya mgongoni, penye unene, akaipasua kwa vidole. Miiba mikubwa akaitoa mmoja mmoja, akaiweka pembeni, akaibonyeza ile nyama tena kuhakikisha, kama tunavyowafanyia watoto ambao hawajajua kula samaki. Kisha akaisogeza mbele ya Falonne.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Mama yako amehangaika."

Falonne akala. Na Léocadie, ambaye hakulia André alipozikwa, hakulia maneno ya Mayfair wala matusi ya foleni, akajifunika uso kwa mikono yake yenye mafuta na akalia kwa sauti, mbele ya mkwe wake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.